Meno Mazima Yanayong'oka: Nilichojifunza kwa Wachuma Chai wa Mufindi

Jino linalopotea kwa ugonjwa wa fizi mara nyingi halina tundu. Ukilitoa na kulisuuza unaona juu ni zima, halijaoza wala kumegeka. Mzizi wake ndio umevaa ugaga mweusi uliogandamana mpaka karibu na ncha. Mwenyewe hushangaa. Tangu shule ya msingi aliambiwa kwamba meno huharibiwa na sukari, naye hakuwa mtu wa pipi wala soda. Leo ana miaka arobaini na ushee, bado anachuma chai kwa nguvu zake zote, lakini meno ya mbele ya chini anayasukuma kwa ulimi.

Mimi ni tabibu wa meno. Nilisomea Tanga, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita Mufindi, mkoani Iringa, kwenye kituo kinachohudumia vijiji na kambi za mashamba ya chai. Chuoni nilifundishwa jina la ugonjwa, hatua zake na vifaa vyake. Lakini namna mtu mwenye kibarua anavyoishi na ugonjwa huu, kwa nini anachelewa, anaogopa nini, na unamsaidiaje bila kumkosesha riziki ya siku, hayo nilifundishwa na wachuma chai.

Kitu cha kwanza ni damu. Watu wazima wengi ninaowapima hutoka damu kwenye fizi, na wameizoea kiasi kwamba ukiwauliza kama wana tatizo la kinywa wanasema hawana. Uliza waziwazi, "Ukipiga mswaki unatema damu?" ndipo jibu linakuja: ah, hiyo ipo siku zote. Wengine wanalaumu mswaki mgumu. Wengine wamenunua vidonge vya vitamini C dukani. Na wengi hufanya lile ambalo mtu hufanya akiona kidonda: wanakiacha kipumzike. Mama mmoja mchumaji aliniambia, "Upande huu wa kushoto siugusi, daktari, ni mgonjwa." Nilipoangalia, kushoto ugaga ulikuwa umeziba nafasi zote kati ya meno, fizi zimevimba, nyekundu, zinang'aa. Kulia, anakopitisha mswaki kila asubuhi, kulikuwa na nafuu kubwa. Nikampa kioo akashika mwenyewe, nikamwonyesha upande mmoja kisha wa pili. Hakuhitaji maelezo marefu baada ya hapo.

Jambo hilo lilithibitishwa zamani kwa njia rahisi. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya watu 12 wenye fizi nzima walioombwa waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia mswaki, fizi zikapona kwa takribani wiki moja. Huwa ninawasimulia wagonjwa kisa hiki, maana kinawaondolea hofu ya damu. Kinachoumiza fizi ni ule utando laini wa bakteria unaojijenga kila siku pale jino linapokutana na ufizi. Mswaki uwe laini, uinamishwe kuelekea kwenye mpaka huo, usogezwe taratibu, dakika mbili asubuhi na dakika mbili usiku kabla ya kulala. Siku za mwanzo damu itatoka, usiogope. Baada ya wiki moja au mbili inapungua. Isipopungua, kuna ugaga ambao mswaki hauwezi kuutoa, na hapo mikono yangu inahitajika. Wazee wanaotumia mswaki wa mti siwakatazi hata kidogo. Ninachowaomba ni waufikishe kwenye fizi na upande wa ndani wa meno, kwa sababu wengi wanasugua sehemu ya mbele tu, ile inayoonekana mtu akicheka.

Ugaga wenyewe hutengenezwa kwa msaada wa mate. Mate yana madini, na utando ukikaa bila kuondolewa madini hayo huugandisha ukawa mgumu. Ndiyo maana hujaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na kwenye magego ya juu upande wa shavu, karibu na mahali mirija ya mate inapomwaga. Ukishuka chini ya ufizi, mfuko unajitengeneza kati ya ufizi na jino, bakteria wanajificha humo wasikofikiwa na mswaki, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa. Jino ni kama nguzo ya uzio: ukichimbua udongo kidogo kidogo kuizunguka itasimama muda mrefu, na siku utakapoiona inayumba ujue udongo mwingi umeshaondoka. Katika safari yote hiyo maumivu ni machache au hayapo. Mfupa uliokwisha haurudishwi na vidonge, wala maji ya chumvi, wala mkaa. Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza fizi iliyovimba, hilo ni kweli, lakini ugaga unabaki palepale. Mkaa unakwangua jino na kuwaacha wengine na meno yanayokufa ganzi kila wakinywa maji.

Sasa mpe ugonjwa huo usiouma mtu anayelipwa kwa kilo. Mchuma chai anatoka kambini alfajiri kukiwa na ukungu, majani bado yana maji, anachuma mpaka wakati wa mizani. Siku asiyopima, hana cha kuandikiwa. Wakati wa mvua, Desemba mpaka Mei, chai inachipua haraka na kila mkono unatakiwa shambani. Kuja kwangu ni siku nzima: nauli ya bodaboda, foleni, kusubiri kifaa kichemshwe. Kwa jino lililomkesha usiku atakuja. Kwa damu ya asubuhi hatakuja, na simlaumu. Akija amechelewa, hesabu nyingine inamsubiri: katika vituo nilivyofanyia kazi, kung'oa jino moja kulikuwa na gharama ndogo kuliko kusafisha kinywa kizima, na kunaisha siku hiyohiyo. Hivyo anang'oa moja mwaka huu, moja mwaka kesho, na kila mara anaamini ametibiwa. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu meno yanayobaki yana ugonjwa uleule, na mzigo wa kutafuna unahamia kwao.

Uongozi wa shamba moja ulipokubali niwapime wafanyakazi wao kambini, nilitumia utaratibu wa kupima fizi uliotangazwa mwaka 1982 kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani. Unagawa kinywa sehemu 6 na unatumia chuma chembamba chenye kidonge cha nusu milimita nchani na mkanda mweusi kuanzia milimita 3.5 hadi 5.5. Unakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi. Hakuna kitu, unaandika 0. Damu ikitoka baada ya kugusa, 1. Ukikutana na ugaga, 2. Mfuko wa milimita 4 au 5 ni 3. Mkanda mweusi ukizama wote usiuone, yaani milimita 6 au zaidi, ni 4. Kila alama inabeba kazi yake: mwenye 1 anahitaji kufundishwa kusafisha, mwenye 2 au 3 afundishwe na akwanguliwe ugaga, mwenye 4 anahitaji zaidi, kusafishwa mizizi kwa ganzi na pengine upasuaji wa fizi.

Tulipimia chini ya mti karibu na ofisi ya kambi, mtu amekaa kwenye kiti cha mbao na mimi nina tochi kichwani. Muuguzi wa zahanati ya shamba alikuwa anaandika. Baada ya muda aliacha kusubiri nitamke. Alijua nitasema mbili. Mbili, mbili, tatu, mbili. Vijana wa miaka ishirini na kitu walikuwa na ugaga. Waliovuka thelathini na tano walianza kuwa na mifuko. Nne hazikuwa nyingi, ila zilikuwepo, na baadhi yake kwa watu vijana ambao hukuzitarajia.

Jioni nilikaa na zile karatasi nikapiga hesabu ya saa. Kusafisha kinywa chenye ugaga mwingi kunaweza kuchukua saa nzima, na wengine hawamalizi siku moja. Mashine inataka umeme na maji, na umeme ukikatika unarudi kwenye vyuma vya mkono na kazi inakuwa ndefu zaidi. Nikiwa na kiti kimoja, hata ningeacha kazi nyingine zote, nisingewafikia wote kabla wale wa kwanza hawajahitaji kurudi. Ukifuata kipimo kilivyo, karibu kambi nzima inahitaji mikono ya tabibu. Sikuwa na mikono hiyo, na sidhani kama kuna wilaya yetu yoyote iliyo nayo.

Kilichonifungulia njia ni utafiti mwingine wa Löe, tena wa wachuma chai. Kuanzia mwaka 1970 yeye na wenzake waliwafuatilia wanaume 480 wa mashamba ya chai ya Sri Lanka, watu wasio na huduma ya meno wala desturi ya kupiga mswaki, na matokeo ya miaka 15 yakachapishwa mwaka 1986. Meno yao hayakuwa na matundu. Karibu wote walikuwa na utando, ugaga na fizi zilizovimba. Pamoja na hayo hawakwenda njia moja: asilimia 8 walipoteza mfupa kwa kasi na meno yakawatoka mapema, asilimia 81 walikwenda kwa kasi ya wastani, asilimia 11 walibaki na uvimbe wa fizi tu. Wote wana ugaga, wote wanafanya kazi moja, lakini miisho ni mitatu tofauti.

Sina budi kusema kwamba roho yangu haikutulia nikisoma. Wale walikuwa vibarua kama hawa wangu, na walitazamwa miaka yote hiyo meno yao yakilegea bila kutibiwa. Elimu tuliyoipata kwao ni kubwa, na naona njia ya heshima ya kuitumia ni kuirudisha kwa wachuma chai wengine.

Basi nikaacha kutazama ugaga peke yake. Nikaanza kutazama kina cha mfuko pamoja na umri. Kijana wa miaka 26 mwenye mfuko wa milimita 6 anaingia kwenye kiti kabla ya mzee wa miaka 60 mwenye ugaga mwingi ambaye meno yake yamesimama imara. Watu hawakuelewa mwanzoni, maana mzee ndiye anayeonekana mchafu wa meno na kijana anaonekana safi. Ilibidi nieleze mara nyingi. Na kila mtu, bila kujali alama yake, afundishwe kupiga mswaki kwa kioo mkononi, kwa sababu hilo halihitaji kiti wala umeme, na bila hilo hata aliyesafishwa leo atarudi alikokuwa.

Mafunzo tuliyahamishia kwenye mizani. Wachumaji wanaposubiri kupimiwa majani wana muda kidogo na wako pamoja. Muuguzi anakuja na miswaki na vioo, anachukua watu wachache, anawaonyesha, wao wanaonyesha wenzao. Usafishaji tukaupeleka kwenye kipupwe, Juni hadi Agosti, chai inapopungua na mnyapara yuko radhi kumruhusu mtu nusu siku. Kipupwe cha Mufindi kina ubaya wake. Jino lililotolewa ugaga hubaki na mzizi wazi, na maji ya bomba ya Julai yanalichoma mtu anaruka. Wengine walikimbia matibabu katikati kwa sababu hiyo. Sasa tunawaambia kabla: wiki za mwanzo sukutua kwa maji ya uvuguvugu, tumia dawa ya meno ya kuondoa ganzi kama unaipata, itapita. Aliyeonywa anavumilia.

Hofu nyingine ni kubwa kuliko baridi. Mzee mmoja alikaa kwenye kiti, akaona vyuma, akanishika mkono. "Mwanangu, ukiondoa hilo gamba meno yangu yatadondoka. Ndilo linaloyashika." Sikumwambia ni uongo, kwa sababu kuna ukweli ndani yake. Ugaga unapounganisha meno manne au matano yaliyolegea, yanasaidiana. Ukiuondoa kila moja linabaki peke yake na mtikisiko unaonekana. Nikamjibu, "Mzee wangu, haya mawili ya katikati mfupa wake umekwisha, sikufichi, huenda yakatoka. Lakini haya mengine yote bado yana mfupa, na gamba ndilo linaloumaliza." Akafikiri, akafungua kinywa. Yale mawili yalitoka, mengine yakabaki na fizi zikakaza. Nimeona matabibu wanaosafisha kimya kimya halafu mgonjwa anaona mianya na mtikisiko, anakwenda kijijini kusema ameharibiwa meno hospitali. Maneno hayo yakishafika kambini, msimu mzima unapotea. Mgonjwa aambiwe kabla ya chuma kugusa jino.

Kiti kimenifundisha pia kwamba fizi mara nyingine zinatoa taarifa ya mwili mzima. Mnyapara mmoja alikuja na jipu la ufizi, nikalitoa usaha, nikasafisha. Baada ya muda mfupi akarudi na jingine mahali pengine, kisha jingine. Mifuko yake ilikuwa mirefu kuliko ugaga wake ulivyostahili. Nikamuuliza kama anakojoa sana usiku, akacheka kwa mshangao, akasema mkewe ndiye aliyemwambia hivyo. Nikampeleka kupimwa sukari. Ilikuwa juu sana. Kisukari na fizi huumizana pande zote mbili: sukari ikipanda fizi zinaharibika kwa kasi, na fizi zenye usaha zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Alipoanza dawa na sukari ikatulia, majipu yakakoma. Tangu hapo mtu mzima mwenye majipu ya fizi yanayojirudia haondoki kwangu bila kwenda maabara.

Wavuta sigara wanadanganywa na fizi zao. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye ufizi, kwa hiyo haitoki damu, mtu anajiona mzima huku mfupa unakwisha. Wajawazito wao fizi huvimba na kutoka damu kwa urahisi kwa sababu ya homoni, na wengi wameambiwa na mama zao kwamba kila mimba ina jino lake. Mimba haing'oi jino. Kusafisha meno katika ujauzito ni salama na nawahimiza waje, hasa miezi ya katikati wanapokaa vizuri kwenye kiti. Wanaotumia fenitoini kwa kifafa, na baadhi ya wanaotumia nifedipini au amlodipini kwa shinikizo la damu, fizi zao huweza kukua mpaka zikafunika meno. Wasiache dawa wenyewe, warudi kwa aliyewaandikia. Na fizi zinazooza ghafla, kwa maumivu makali na harufu nzito, zinahitaji kutibiwa siku hiyohiyo, na mgonjwa apewe ushauri wa kupima virusi vya UKIMWI kwa siri na kwa heshima.

Harufu ya kinywa ndiyo inayowaleta wengine ambao damu na ugaga havikuwaleta. Baba mmoja alikuja kwa sababu binti yake mdogo aligeuza uso alipombusu. Alilisema hilo akitazama chini. Mifuko ya fizi ina harufu ambayo peremende haiifuniki, na inapoondolewa ugaga na usaha harufu inaondoka. Ninawapokea watu hawa kwa upole mkubwa, na mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu wengi wameteseka na aibu miaka mingi wakidhani ni uchafu wao wa tumbo au laana.

Waajiri nimewaambia mara kadhaa, na ninawaambia tena. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya. Siku hiyo ya kupimwa mtu ameshatoka shambani, ameshasubiri foleni, muuguzi yuko mbele yake. Kumwambia afungue kinywa, kuvuta shavu kwa kijiti na kumulika fizi kunachukua dakika moja. Muuguzi wetu wa shamba ameongeza maswali matatu kwenye daftari lake: unatema damu ukipiga mswaki, kuna jino linalotikisika, umewahi kupata jipu la ufizi. Anayejibu ndiyo kwa la pili au la tatu, na umri wake haujafika arobaini, jina lake linaandikwa kwenye orodha ya kipupwe, juu kabisa. Nakala ya orodha hiyo ananiletea mwezi Mei, mvua zinapokatika, ili Juni ikianza nijue nianze na nani.